Kufuli la Marehemu

Mlionitumia matusi kwa sababu ya pale nilipokatia wiki iliyopita, nimewasoma wote. Tulieni basi, tuendelee.

Devotha Budeba alikuwa kwenye mgahawa wa Perpetua, kando ya barabara kuu pale Mikumi. Laptopu ilikuwa mezani, chai imepoa, inzi anaogelea. Kwenye kioo kulikuwa na mstari ule ule uliowanyima ninyi usingizi:

"Kufuli limeondolewa na Lukasi Mgaya."

Na Mzee Lukasi Mgaya yuko kaburini tangu mwanzo wa mwezi.

"Soma tena," alisema Perpetua, mwiko mkononi.

"Nimeshasoma."

"Soma kwa sauti. Labda ni Lukasi mwingine."

"Ni mwenyekiti, Perpetua. Yule tuliyemzika Magole."

Perpetua akavuta kiti akakaa. "Mimi nilitupa udongo kwa mkono huu huu," alisema, akauangalia mkono wake kana kwamba nao una la kujibu.

Devotha alijaribu kuingia kwenye mtambo arudishe kufuli. Akaandika jina lake, akaandika neno lake la siri, akabonyeza. Jibu lilikuja haraka kuliko alivyopenda.

"Huna ruhusa."

Akajaribu tena. Huna ruhusa. Mtambo alioujenga kwa mikono yake ulikuwa umemfungia nje na kumwacha barazani.

Wewe uliyeanza kusoma leo na unaona haya kuuliza, sogea. Pale Munisagara, juu ya Kilosa, kuna nguzo ya kupimia maji ya Mto Mkondoa. Inachopima kinakwenda kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali sana, ambazo wataalamu wanaziita klaudi. Maji yakifika alama nyekundu, kompyuta hizo zinatuma ujumbe kwenye simu za watu wa Kilosa wanaokaa mabondeni. Masika iliyopita ujumbe ulifika, watu wakatoka na magodoro kichwani, na hakufa hata mtoto mmoja.

Obed, meneja mpya wa mradi, anataka mtambo huo ufutwe. Sasa hivi, mvua ikinyesha! Amewaambia wakubwa wake wa Dar kwamba mtambo mpya uko tayari. Hauko tayari, uko kwenye maboksi. Lakini ule wa zamani ukiendelea kulia, wakubwa watauliza kwa nini mpya uko kimya.

Devotha alimwambia hapana. Ndiyo maana akahamishiwa Mikumi kwa kazi maalumu ambayo hadi leo hakuna aliyemwambia ni ipi.

Kabla ya kuondoka aliufunga mtambo vizuri. Aliweka kufuli, kwamba hata ukibonyeza futa, haufutiki. Na kwa kuwa aliyepewa cheo kikubwa anaweza kuliondoa kufuli, akaweka na sera juu ya vyeo vyote: kufuta mtambo, au kumwingiza mtu yeyote ndani, ni lazima mtu wa pili akubali kwa simu yake. Wakulima wakiomba, wafugaji wakubali. Wafugaji wakiomba, wakulima wakubali.

Kazi nzuri. Halafu akafanya kosa ambalo ningekuwepo ningempiga kofi.

Siku ya kugawa ruhusa, alitakiwa kumpa kila mtu kile tu ambacho kazi yake inahitaji. Kazi ya Mzee Lukasi, mwenyekiti wa wakulima, ilikuwa kusoma ujumbe basi. Lakini nani angethubutu kumweka mwenyekiti chini ya binti mdogo, mbele ya mkutano? Devotha akampa cheo cha juu kuliko vyote, Mmiliki, kama vile tunavyowapa wazee kiti cha mbele harusini. Obed, kwa vile alikuwa mgeni, akapewa cha kusoma tu, na hilo limemkera tangu siku hiyo.

Mzee alipofariki, Devotha aliambiwa aliondoe jina lake. "Tusubiri arobaini ipite," alijibu. "Siwezi kumfuta marehemu mjane akiwa bado kwenye nguo nyeusi."

Basi marehemu akabaki ndani, na cheo chake, na funguo zake zote.

Devotha akampigia mjane, Mama Yudith, huko Mbumi, Kilosa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenikumbuka."

"Nakukumbuka kila siku. Mama, simu ya mzee iko wapi?"

"Anayo Obed. Alikuja kunipa pole, akasema anataka zile picha, watengeneze fulana za arobaini. Akaomba na namba ya kuifungulia." Sauti yake ikashuka. "Ningemnyima vipi mtu aliyekaa kwenye mkeka wangu wa msiba?"

Devotha alifumba macho. 

"Kwani vipi, mwanangu? Lukasi amepiga?"

"Mama?"

"Usinifanye mtoto, najua amekufa. Lakini jioni bado namchotea maji ya kuoga. Naona kama ataingia tu hapo mlangoni, aniulize taulo liko wapi."

"Pole, mama. Uko peke yako?"

"Niko nyumbani kwake. Siendi kwingine."

Devotha aliaga, akampigia Obed. Simu ilipokelewa na kelele za pikipiki.

"Dada Devotha! Mikumi vipi, tembo hawajambo?"

"Rudisha simu ya marehemu."

"Marehemu ananisaidia kazi."

"Umeondoa kufuli kwa jina la mtu aliyekufa, Obed!"

"Nimeliondoa kwa jina la Mmiliki. Cheo ulimpa wewe, mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwepo."

Hilo lilimwingia. Ilikuwa kweli, na ukweli kutoka kinywani mwa Obed unauma mara mbili.

"Na mimi ukanitoa."

"Nimekupumzisha."

"Bado kuna sera. Hufuti bila mtu wa pili."

"Sasa unadhani nakwenda wapi na matope haya? Nakaribia Munisagara. Yule bibi yako wa wafugaji hawezi kuniambia hapana."

Devotha akasimama. Madereva wa malori waliokuwa wakila wali wakageuka.

"Nisikilize, Obed. Huo mtambo huufuti. Hufuti leo, hufuti mvua ikinyesha, hufuti nikiwa hai. Nifukuze kazi, nipeleke polisi, waambie wakubwa wako mimi ni kichaa. Sitoki njiani."

"Njia ipi?" Obed alicheka. "Wewe si uko Mikumi?"

Akakata.

Devotha akampigia Mama Magdalena Kashindye, huyo mtu wa pili. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Kule Munisagara mtandao huja unapojisikia.

Twende huko sisi, maana sisi hatuhitaji mtandao.

Mama Magdalena alihamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, akiwa bado na meno yote. Leo ndiye anayeitunza nguzo ya maji, na ndiye sauti ya wafugaji kwenye mtambo. Obed alimkuta ukingoni, anakwangua tope kwenye nguzo kwa mpini wa jembe. Juu huko, upande wa Mpwapwa, mbingu ilikuwa nyeusi tii.

"Shikamoo mama."

"Sijasikia."

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Vua hilo helmeti unaponiamkia, sijui nasalimiana na nani."

Obed akavua.

"Mama, kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako?"

Akatoa kiswaswadu chake chenye batani, amekifunga kwa mpira wa baiskeli betri isidondoke. "Umeingia. Unasema Lukasi Mgaya anaomba kufuta mtambo, nijibu ndiyo au hapana. Nimeuacha uulize mpaka uchoke."

"Ni wasia, mama." Obed aliishusha sauti, akainamisha na kichwa. "Mzee alipozidiwa aliniita. Akaniambia, Obed, mtambo huu uondoke na mimi, muanze upya. Ombi si unaliona limetoka kwake? Jina lake hilo hapo."

Mjanja huyu! Anajua kwetu mtu hasimami akapinga neno la marehemu. Utapinga neno la meneja, utapinga la mbunge, lakini la marehemu utaitikia hata kama linakuumiza. Obed alikuwa amekuja na silaha isiyo na majibu.

Mama Magdalena akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishika nguzo asianguke.

"Lukasi ni Msagara," alisema. "Mimi Msukuma. Unajua mimi na yeye tulikuwa nani?"

"Wajumbe wenza wa kamati."

"Watani! Siku ya mazishi niliingia kaburini nikalala, nikakataa asiteremshwe mpaka wanawe wanipe kuku. Jeneza liko pale, mimi namwita mvivu, namwita mlafi, mjane wake anacheka huku analia. Akiwa hai Lukasi hajawahi kunituma hata kiti. Leo amekufa ndiyo anipe amri?"

"Lakini wasia, mama..."

"Wasia wapelekee wanawe. Mimi mtani wake sipewi wasia, napewa kuku."

Akakiinua kiswaswadu mbele ya uso wa Obed, ili aone vizuri, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole gumba kilichojaa tope. HAPANA. Akatuma.

Obed alikunja uso. Unyenyekevu wote ulimtoka.

"Sawa. Kesho marehemu ataomba tena. Na keshokutwa. Nitakuja na wenye kijiji, nitakuja na wanao wenyewe. Ipo siku utachoka, utasema ndiyo."

Mama Magdalena alikitazama kiswaswadu chake. Kilikuwa kimemfaa miaka mingi.

"Basi akaombe kwa kambale," alisema.

Akakirusha katikati ya Mkondoa.

Najua mnashangilia. Hata mimi nilishangilia nilipokuwa naandika. Ngojeni kwanza.

Obed alikuwa bado ameduwaa, simu yake mwenyewe mkononi, king'ora kilipolia mfukoni mwake. Si mlio wa mtu anayepiga. Ni kile kilio kirefu ambacho Kilosa nzima inakijua tangu masika iliyopita.

Mama Magdalena akageukia nguzo. Maji yaliyokuwa chini ya goti lake yalikuwa yameigusa alama nyekundu.

"Toa hiyo simu," alisema.

"Ipi?"

Hakuuliza tena. Aliuingiza mkono mfukoni mwa meneja, akaitoa simu yenye kioo kilichopasuka na kamba ya shanga aliyoisuka Yudith.

"Ya Lukasi! Hii nimeichukua mimi. Mtani anachukua cha mtani wake. Nenda kanishtaki."

Kwenye kioo kulikuwa na maneno: "Mto umefika alama nyekundu. Hameni sasa." Na chini yake, kwa herufi ndogo: "Umetumwa kwa namba 1."

Mama alisoma mara mbili.

"Obed. Kilosa nzima ina simu moja?"

Obed alikuwa akitazama matope.

Kule Mikumi, simu ya Devotha iliita. Perpetua aliwahi kuliona jina, akaachia sufuria ya maharage chini.

"Usipokee! Devotha, kwa jina la Yesu, usipokee!"

Jina lilisema Mwenyekiti Lukasi. Devotha akapokea, akaweka spika.

"Mwanangu," ilisema sauti ya kike.

"Mayu!" Hivyo ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Umemjibu nini?"

"Nimemkatalia. Lakini maji yako kwenye nyekundu, na ujumbe umekuja kwenye simu hii tu. Huyu bwana amefanya kitu. Sema, wewe! Mwambie ulichofanya!"

Sauti ya Obed ilitoka kwa mbali. "Nilibadilisha orodha ya namba. Nilitaka mtambo ukae kimya mpaka wakubwa waje waondoke. Mtambo ulikataa orodha tupu, nikaiacha hiyo moja."

 Sera ya Devotha ilikataza kufuta, na haikusema neno kuhusu kubadilisha. Alifunga mlango kwa makufuli, akasahau dirisha.

Lakini huyu ni Devotha. Hakukaa kulia.

"Nakala ya namba zote ninayo hapa kwenye laptopu, ni maelfu, kwa simu haziingizwi. Obed, una cheo cha Mmiliki mkononi. Nirudishie ruhusa yangu, sasa hivi."

Obed alirudi nyuma hatua moja.

"Obed!"

"Nikikurudishia," alisema, "itaandikwa kwamba ulitolewa. Mle ndani kila kitu kinaandikwa. Watajua ni mimi."

"Waandike!" walipiga kelele wanawake watatu kwa pamoja, Perpetua akiwa amepiga magoti kwenye maharage.

Mama Magdalena alimkabidhi simu, ila kamba ya shanga akabaki ameishika. Obed akabonyeza. Mtambo ukafikiri kidogo, ukajibu:

"Ruhusa ya Devotha Budeba inasubiri idhini ya Magdalena Kashindye."

Wote wawili pale ukingoni wakautazama mto.

"Nimekubali!" Mama akaiambia simu, mdomo umegusa kioo. "Nimekubali, iambie nimekubali!"

"Haisikii, mayu. Lazima utoke kwenye simu yako."

"Basi ivunje hiyo sera!"

"Haivunjiki." Sasa Devotha alikuwa analia, na hakujificha. "Niliitengeneza hata mimi nisiweze kuivunja. Ndiyo maana huyo hajaufuta mtambo mpaka sasa."

Alijivunia na kujichukia kwa wakati mmoja. 

Perpetua hakuwa na muda wa kulia. Alikuwa ameshampigia dada yake huko Kilosa. "Dada, toka hapo Magomeni! Toka, waambie na msikitini watangaze!" Akampigia shangazi. Akampigia aliyewahi kuwa mchumba wake. Lakini Perpetua ana ndugu wangapi? Kilosa ni kubwa.

Mama Magdalena naye alikuwa amekazia macho kamba ya shanga mkononi mwake.

"Huyu mlafi alikuwa mwenyekiti," alisema taratibu. "Humu ndani alikuwa na namba za nani na nani?"

Obed akafungua majina. Yakaanza kushuka, na hayakuisha. Mashine ya Mpunga. Shehe Magomeni. Katekista. Bodaboda Stendi. Mama Vitumbua Mbumi. Wajumbe wa mitaa, wenye maduka, walimu, watu aliowahi kugombana nao na kupatana nao. Nusu ya Kilosa ilikuwa kwenye simu ya Lukasi, na kila mmoja ana jirani.

"Chagua wote. Tuma."

"Mama, utatoka kwa jina lake. Watu watapata ujumbe kutoka kwa marehemu!"

"Walio hai hawasikilizwi. Tuma!"

Obed akatuma.

Kilosa yote, mchana kweupe, watu wakaona kwenye simu zao jina la mtu waliyemzika: "Mwenyekiti Lukasi. Mto umefika alama nyekundu. Hameni sasa."

Majibu yakaanza kumiminika, Mama akiyasoma kwa sauti ili Devotha asikie. Mshenzi gani anachezea simu ya marehemu? Nani mwenzangu? Mzee, tumekusikia, tunapanda kwenye tuta la reli. Mwenyekiti, pumzika, tunatoka.

"Dada anasema wanakimbia!" Perpetua alipiga kelele. "Wengine wanakemea mapepo, lakini wanakimbia!"

Devotha alicheka na kamasi zake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. Kosa lake, lile la kutomfuta marehemu kabla ya arobaini, lilikuwa linatoa watu mabondeni.

Ndipo simu nyingine ikaingia humo humo kwenye simu ya Lukasi. Jina lilisema Mke Wangu.

Mama Magdalena akapokea, akaweka spika.

"Lukasi," ilisema sauti ya Yudith. Ilikuwa imetulia sana. "Nimeupata ujumbe wako."

"Yudith, si yeye! Ni mimi, Magdalena, mtani! Toka ndani, maji yanakuja!"

Yudith hakusikia, au hakutaka kusikia. Nyuma yake watu walikuwa wanagonga mlango na kuliita jina lake.

"Majirani wote wanakimbia. Mimi nimeufunga mlango kwa ndani. Maji yako ya kuoga nimeshayachota, na taulo liko pale pale. Kama ndiyo umenijia, mume wangu, sikimbii. Nakungoja hapa hapa."

Akakata.

Obed alikuwa ameshawasha pikipiki. Mama Magdalena akapanda nyuma bila kuulizwa, simu ameibana kifuani, akageuka mara moja kuitazama nguzo yake. Haikuonekana tena.